Sura ya Saba: Trekta Jipya Linapokorofisha

Eneo la viwanda la TAMCO, mjini Kibaha, ni mali ya Shirika la Taifa la Maendeleo, NDC. Enzi za mashirika ya umma paliunganishwa hapo malori ya Scania. Kazi hiyo ilikufa, mabanda yakakaa, na miaka mingi baadaye yakaletwa matrekta. Mwaka 2015 Tanzania ilisaini na Poland mkopo wa masharti nafuu wa dola za Marekani milioni 110. Nusu moja ilielekezwa kwenye maghala na vihenge vya nafaka vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Nusu nyingine, dola milioni 55, ilikuwa ya matrekta 2,400 ya URSUS pamoja na zana zake. Yalitakiwa yafike kwa vipande, yaunganishwe Kibaha, kisha wakulima wauziwe kwa malipo ya awali na salio lilipwe kwa awamu.

URSUS haikuwa kampuni ya kuzuka. Ilianzia Warsaw mwaka 1893, na matrekta yake yamelima Ulaya Mashariki kwa vizazi kadhaa. Mwaka 2013 ilikuwa imekwisha kuingia mkataba wa kuipelekea Ethiopia matrekta 3,000. Kwa mkulima wa Pwani, Morogoro au Manyara, habari ya trekta jipya linalotoka Kibaha, kwa mkopo uliobebwa na Serikali, ilikuwa habari njema kweli kweli. Trekta la mtumba lina historia usiyoijua, lakini jipya unategemea likufikie zima na likae zima.

Yaliyofuata yalisikika hadi bungeni. Wakulima walilalamika kwamba matrekta yanaharibika mapema na mara kwa mara, kwamba spea hazipatikani, na kwamba huku trekta limesimama, deni linaendelea kutembea. Wengi walishindwa kulipa awamu. Idadi yote ya 2,400 haikufika. Kule Poland kwenyewe, tangu mwaka 2018 URSUS ilikuwa chini ya mahakama ikijaribu kupanga upya madeni yake, na mwaka 2021 ikatangazwa kuwa imefilisika. Mkulima mwenye pampu ya haidroliki iliyokufa huko Mzenga, wilayani Kisarawe, akawa anamdai mtu ambaye mwenyewe anadaiwa kila upande.

Nimeianza sura hii na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo vipeperushi vya mauzo havilisemi. Dhamana ya mashine ina uzito sawa na ghala la spea lililo nyuma yake, na fundi anayeweza kukufikia kabla mvua haijakatika. Mnunuzi anayetazama idadi ya miezi iliyoandikwa kwenye karatasi, asiulize spea ziko wapi na nani analipa nauli ya fundi, amenunua ahadi tupu. Hilo ndilo ninalotaka msomaji aondoke nalo, na yaliyobaki katika sura hii ni namna ya kulitekeleza.

Tuanze na ramani. Kibaha na Kisarawe ni wilaya jirani, lakini shambani ujirani huo ni wa mashaka. Kibaha iko juu ya barabara ya Morogoro, kama kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Gari la spea linafika wakati wowote. Kisarawe mjini nako si mbali, ng'ambo ya misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Shida iko ndani, kwenye mihogo, mikorosho na mananasi: Msanga, Maneromango, Mzenga na vijiji vya mbele yake. Kutoka Mlandizi hadi Maneromango ipo njia inayopita Mzenga, lakini masika huamua kama utapita au hutapita. Trekta likifia huko mwezi Aprili, kulibeba hadi karakana kwa lori ni gharama inayoweza kuzidi bei ya kipuri chenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji, kabla ya bei, ni hili: likiharibika Maneromango, nani anakuja, anakuja kwa siku ngapi, na kwa gharama ya nani? Jibu liandikwe kwenye mkataba. Muuzaji anayesema "usijali, tutakuja" na hataki kuandika, amekwisha kukujibu.

Swali la pili ni la spea. Omba uonyeshwe, kwa macho yako, vitu vinavyokwisha au kukatika mapema: filta za dizeli na oili, mikanda ya feni, sili, gasketi, sahani ya klachi, nozeli, pampu ya maji, mipira ya haidroliki. Visipokuwepo dukani siku unayonunua, havitakuwepo siku unayovihitaji. Kabla ya URSUS, chini ya mpango wa Serikali wa Kilimo Kwanza, SUMA JKT, tawi la uzalishaji mali la Jeshi la Kujenga Taifa, iliingiza matrekta ya Farmtrac na New Holland kwa mkopo wa India wa dola milioni 40. Hapo pia madeni ya wakulima yaligeuka kuwa kero kubwa. Sababu za mtu kutolipa ni nyingi na si zote za haki. Lakini trekta lililosimama haliingizi shilingi, na mpango wowote unaoleta mashine mamia kwa mamia bila kuanza na ghala la spea unajitengenezea wadaiwa kwa mikono yake.

Sasa siku ya kulichukua trekta. Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza haki yao, na wanaipoteza kwa saini. Utapewa fomu yenye maneno kama "nimekagua na nimeridhika". Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo asili yake ni sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, inamtaka muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa za aina fulani atoe bidhaa yenye ubora wa kuuzika. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba mnunuzi akiwa ameikagua bidhaa, hawezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Kwa hiyo usikague kwa macho ya furaha. Nenda na fundi wako wa trekta, hata ukimlipa nauli na posho ya siku nzima.

Fundi huyo aliwashe likiwa la baridi, asikilize kama linagonga, aangalie rangi ya moshi. Aliache lifanye kazi hadi lipate joto sawasawa, aone kama linachemsha. Anyanyue zana nzito kwa haidroliki, azime injini, aone kama mikono inashuka yenyewe. Ajaribu gia zote, breki za kushoto na kulia kila moja peke yake, na mhimili wa nyuma unaozungusha zana. Apite chini akitafuta mafuta yanayovuja kwenye ekseli na gia boksi. Asome saa za injini kwenye dashibodi: trekta jipya huwa na saa chache tu za majaribio, na likiwa na nyingi, uliza lilikuwa linalima wapi. Aandike namba ya chesisi na ya injini, azilinganishe na za kwenye karatasi. Kasoro mtakazoziona ziandikwe juu ya fomu yenyewe, kwa kalamu, kabla ya saini, na muuzaji asaini pembeni yake. Kama kwenye fomu hakuna nafasi, andika nyuma.

Kuna jambo jingine katika sheria hiyo ambalo mawakili wanalijua na wakulima hawalijui. Ukimweleza muuzaji kazi unayoitaka, ukategemea utaalamu wake, anabanwa kukupa kitu kinachoifaa kazi hiyo. Ukiingia dukani ukataka trekta fulani kwa jina lake la kibiashara, kinga hiyo ya kufaa kwa kazi mahsusi inaweza kukutoka. Kwa hiyo usianze na jina. Andika barua fupi au ujumbe: "Nina ekari kadhaa Kisarawe, udongo wa kichanga wenye visiki vya mikorosho ya zamani, nataka kulima kwa plau ya sahani na kuvuta tela la mihogo hadi barabarani. Nishauri trekta la nguvu gani." Jibu lake lihifadhi. Akikuuzia la nguvu ndogo lisilomudu plau aliyokupa, barua hiyo ndiyo itakayozungumza badala yako.

Dhamana za matrekta kwa kawaida huhesabiwa kwa miezi au kwa saa za injini, kipi kitangulie. Mkulima wa mvua mbili aitazame hesabu hiyo kwa makini. Pwani tuna vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Trekta lililonunuliwa Juni linaweza kukaa chini ya mwembe miezi minne huku dhamana ikiyeyuka, na kasoro zake zisionekane hadi plau iingie ardhini. Nunua karibu na msimu, au kama bei ya kiangazi imekuvutia, litie kazini mara moja, hata kwa kuvuta tela, ili magonjwa ya utotoni yatoke mapema. Wenye matrekta ya kukodisha hawana tatizo hilo. Lao ni kinyume chake: saa zinakimbia, dhamana inakwisha kabla ya mwaka kugeuka.

Soma pia orodha ya visivyofidiwa. Filta, mipira, taa, betri na klachi mara nyingi havimo au vina muda mfupi. Huduma ya kwanza, ambayo kwa matrekta mengi huja kwenye saa 50 za mwanzo, ni ya lazima. Ukiipita, muuzaji amepata mlango wa kutokea. Sili ikifunguliwa na fundi wa mtaani, mlango wa pili. Najua jinsi inavyokuwa: mvua inanyesha, fundi wa kijijini yupo na spana zake, wa kampuni hapokei simu. Kabla hujamruhusu afungue chochote, tuma ujumbe wa maandishi kwa muuzaji, eleza kasoro, mpe muda, mwambie kwamba asipofika utalazimika kutengeneza ili kuokoa msimu na utamdai gharama. Piga picha kabla ya kufungua na baada ya kufungua. Kipuri kilichovunjika usikitupe wala usimwachie fundi achukue chuma chakavu.

Ugomvi mkubwa kuliko wote ni wa dizeli. Pampu na nozeli za injini hazivumilii maji wala uchafu, na vijijini dizeli nyingi hufika kwa madumu. Zikiharibika, muuzaji atasema ni mafuta machafu, na mara nyingi atakuwa na hoja. Nunua kwenye kituo chenye risiti, weka risiti hizo pamoja, chuja unapojaza, na mwaga maji ya filta kila inapotakiwa. Lawama ya pili ni ya dereva. Ndiyo maana kila trekta jipya linahitaji daftari: tarehe, saa za injini zilipoanza na zilipokoma, shamba gani, zana gani, mafuta kiasi gani, dereva nani, na jambo lolote lisilo la kawaida. Daftari la kaunta la bei ndogo linatosha. Dereva aliandike mwenyewe jioni ile ile. Mbele ya meneja anayedai kwamba trekta liliendeshwa ovyo, daftari lenye mwandiko wa kila siku ni shahidi asiyetikisika.

Kasoro ikitokea, simu haitoshi. Andika barua, nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Iwe fupi:

"Ndugu Meneja, tarehe fulani nilinunua kwenu trekta lenye chesisi namba fulani, risiti ya EFD namba fulani. Tarehe fulani, likiwa na saa fulani za injini, haidroliki iliacha kunyanyua plau. Huduma ya saa 50 ilifanywa na fundi wenu tarehe fulani. Trekta limesimama kijijini Maneromango. Naomba mlitengeneze au mnipe jingine la kutumia ndani ya siku saba, kwa kuwa msimu wa kupanda unapita. Nisipohudumiwa, nitadai gharama za matengenezo pamoja na hasara ya msimu. Nimeambatisha picha na nakala ya daftari."

Usitukane, usisimulie habari za familia. Mtendaji wa kijiji au afisa kilimo wa kata aone trekta likiwa limesimama na aandike mistari miwili kuthibitisha tarehe. Picha na ujumbe wa simu vinakubalika mahakamani tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mradi simu yenyewe uitunze na usiufute ujumbe.

Uharaka una sababu ya kisheria. Mnunuzi anayeona kasoro, akaendelea kukaa na bidhaa kwa muda mrefu bila kumwarifu muuzaji kwamba anaikataa, anahesabiwa kuwa ameipokea. Baada ya hapo hawezi kuirudisha, atabaki na haki ya kudai fidia tu. Trekta linalokorofisha kila wiki ni heri lirudishwe likiwa bado na sura ya upya kuliko kubembelezana nalo mwaka mzima.

Muuzaji atakutuma kwa mtengenezaji. Usikubali kusukumwa. Mkataba wako ni na yule uliyemlipa; masharti ya ubora ambayo sheria inayaweka yanamfunga muuzaji, awe ametengeneza mashine au hakutengeneza. Dhamana ya kiwanda ni nyongeza juu ya haki hiyo. Hapo ndipo kisa cha TAMCO kinapofundisha zaidi: kiwanda cha Ulaya kikianguka, mnunuzi bado ana mtu wa kumkabili hapa hapa nchini, yule aliyempa risiti.

Kwa matrekta ya mkopo kuna fundo la ziada. Ukichukua kwa mkataba wa ukodishaji wa mali, mwenye trekta kisheria ni taasisi iliyotoa fedha hadi umalize. Iarifu siku ile ile unayomwarifu muuzaji, kwa sababu kasoro hiyo inamgusa mwenye mali pia, na yeye ana sauti nzito kuliko yako. Kosa la kawaida ni kusimamisha marejesho kimyakimya kwa hasira. Mkataba hautasoma hasira yako. Utasoma kwamba umekiuka, na trekta litakuja kuchukuliwa pamoja na fedha ulizokwisha kulipa. Omba kwa maandishi awamu zisogezwe kwa muda ambao trekta liko karakana. Wanaopanga mikopo ya zana, wawe wa Mfuko wa Pembejeo, benki au mashirika ya umma, waweke kifungu hicho ndani ya mkataba tangu mwanzo. Ni dhuluma kumtoza mtu awamu ya mashine ambayo muuzaji ameshindwa kuitengeneza.

Barua zikigonga mwamba, njia zipo. Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003, hupokea malalamiko dhidi ya wauzaji wanaopotosha. Ujiandae, kwani sheria hiyo imemlenga hasa mlaji, na muuzaji anaweza kudai kwamba anayelima kwa ajili ya soko si mlaji. Kuhusu ubora wa mashine yenyewe, CAMARTEC ya Arusha ndiyo taasisi ya umma yenye kazi ya kupima zana za kilimo, na Shirika la Viwango, TBS, linashughulikia viwango. Ripoti ya mtaalamu asiye na upande ina thamani kuliko kelele za mwaka mzima. Kisha ipo mahakama. Madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 6. Madogo huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri lote huendeshwa kwa Kiswahili. Ya thamani ya trekta zima kwa kawaida yatakupeleka Mahakama ya Wilaya, na hapo tafuta wakili.

Wanunuzi wa aina moja ya trekta wakae pamoja. Barua ya mkulima mmoja wa Mzenga huwekwa chini ya rundo. Barua yenye saini za wakulima ishirini, wenye kasoro ile ile ya sili kwenye saa zinazokaribiana, inaonyesha kwamba tatizo ni la kiwanda, na hoja ya dereva mbovu inakufa hapo hapo. Vyama vya msingi vya korosho Kisarawe vina ofisi, mihuri na makatibu wanaojua kuandika barua za namna hiyo. Vitumieni.

Na wewe ambaye trekta lako limesimama sasa hivi, na bado hujaandika kitu chochote: toa simu, piga picha ya saa za injini na ya sehemu iliyoharibika, andika barua, uipeleke kesho asubuhi na urudi na nakala yenye mhuri.